Mkono Mgongoni mwa Feruzi

Hapo zamani za juzijuzi, wala si mbali sana na hapo ulipoketi msomaji, palikuwa na nchi iitwayo Kwahiari. Ilikuwa nchi nzuri, yenye mvua za kutosha na mawaziri wa kuzidi, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuna mtu aliyelazimishwa kufanya jambo lolote. Kila kitu kilifanywa kwa kujitolea. Watu walijitolea kufagia barabara, walijitolea kulipa kodi, walijitolea kushangilia. Juu ya mlango wa kila ofisi ya serikali paliandikwa ule msemo wa wahenga, "Hiari yashinda utumwa," na chini yake, kwa rangi nyekundu, serikali ikaongeza maneno machache ya kwake: "Asiyetaka ajitokeze." Hakuna aliyewahi kujitokeza, na jambo hilo lilichukuliwa kuwa ushahidi kwamba wote wanataka.

Katika nchi hiyo kulikuwa na kata ya Mkwamoni, chini ya kilima. Kila gari lililotoka makao makuu lilifika pale likakohoa, likatoa moshi, likakwama, na wenyeji wakatoka majumbani kulisukuma. Walisukuma magari tangu enzi za babu zao, na kwa kuyasukuma magari wakazoea kusukumana wenyewe kwa wenyewe. Mwanamke akipanda na ndoo kichwani, aliye nyuma yake humtia mkono mgongoni. Bwana harusi akipelekwa kwa wakwe, mjomba humtia mkono mgongoni, hasa akiona miguu inasita. Mfiwa hutiwa mkono mgongoni toka nyumbani mpaka makaburini. Mtu wa Mkwamoni akitaka kusema kwamba fulani hana ndugu, husema, "Yule mgongo wake una baridi." Ni desturi njema, nami siicheki. Waliokuja kuiharibu wana magari yao na walinzi wao, na hao nao siwacheki, kwa sababu nyingine.

Kwenye kata hiyo aliishi Mwalimu Kibwana Shomvi. Alifundisha michezo katika shule ya msingi mpaka akastaafu, akabaki na filimbi, suruali fupi moja, na kifua kilichokataa kustaafu pamoja naye. Alikuwa mtu mwema, na kama watu wema wengi alipenda kusifiwa, ila hilo mwenyewe alikuwa hajalijua bado.

Siku moja redio ikatangaza kwamba Taifa linahitaji maofisa wapya wa jeshi, na kwamba kila kata itajitolea kuwapa vijana wake mazoezi ya viungo bure, ili Chuo cha Maofisa kisipate tabu ya kufundisha. Mwalimu Kibwana hakungoja kuitwa. Asubuhi yake alikwenda uwanjani akapuliza filimbi. Hii ilikuwa hiari ya kweli, na Bwana Mtendaji wa kata, ambaye hakuwahi kuiona ya namna hiyo, alimtilia shaka kwa wiki nzima.

*

Vijana wakaja. Wa mwisho kufika aliletwa na mama yake, ameshikwa kifundo cha mkono kama mbuzi wa sadaka. Huyo ndiye Feruzi, kinyozi wa Mkwamoni, kijana mrefu, mpole, mwenye vidole vyepesi. Wazee walisinzia chini ya mkasi wake wakaamka wamependeza. Mama yake, Bi Mize, alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa askari wa kawaida, na kazi aliyopewa jeshini maisha yake yote ilikuwa kubeba mabegi ya maofisa, mpaka mgongo ukafa, akarudishwa nyumbani na cheti cha shukrani. Alikufa akikitazama kile cheti ukutani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bi Mize. Habari za nyumbani?"

"Za nyumbani ndizo hizi nimezishika mkononi. Mwalimu, baba'ke huyu kabeba mabegi ya watu mpaka yakamzika. Huyu nataka abebewe."

"Jeshini si lelemama, Bi Mize. Mwenyewe anasemaje?"

"Mwenyewe mtoto, atasema nini? Haya Feruzi, mwambie Mwalimu wako."

Feruzi alitazama mbingu, akatazama ardhi, kisha akakitazama kichwa cha Mwalimu. "Mwalimu," akasema taratibu, "nywele zako zimezidi huku nyuma. Ukipita dukani nitakuweka sawa."

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema moyoni kwamba hizo ni haya za ujana. Lakini jibu lilikuwa ndilo hilo, na alilisikia.

"Nakuomba jambo moja tu," Bi Mize akasema, na sasa hakuwa anatania. "Usiniachie mwanangu njiani."

"Huyu nitamfikisha juu, Inshallah," Mwalimu akajibu, kwa sauti ya kutosha watu wa nyuma nao kusikia. "Hata kwa mkono wangu mwenyewe."

Mwanzoni mazoezi yalikuwa mazoezi. Vijana walikimbia kilima, wakatapika, wakalala chini, wakainuka. Aliyewashinda wote alikuwa Semeni, binti wa mpika vitumbua, msichana mkavu wa maneno aliyepanda kilima kana kwamba kuna mtu huko juu anamdai jibu. Feruzi alikuwa kitendawili. Kwenda juu alikuwa wa mwisho siku zote, akihema na kushika kiuno. Filimbi ya kuruhusiwa ikilia, alishuka kama swala, na kabla wenzake hawajafika bondeni yeye alikuwa amekwisha kufungua duka na kumtandika mteja kitambaa shingoni. Mwalimu aliyaona hayo. Aliona mapafu mazima na miguu mizima, akatikisa kichwa, akasema kijana huyu anahitaji kutiwa moyo.

*

Ndipo redio ikatangaza mara ya pili. Jamii, ikasema, nayo ijitolee kuwasaidia maofisa watarajiwa. Haikueleza kusaidia ni kufanya nini. Huko makao makuu walidhani ni kupiga makofi. Lakini ukimwambia mtu wa Mkwamoni asaidie, hakuulizi kitu, anakunja mikono ya shati.

Kwanza wakaleta uji wa ulezi uwanjani. Wakaleta mikeka, vijana wasiumie viganja wakipiga pushapu. Kisha akina mama wakaona pushapu zenyewe zinawatesa watoto, wakapitisha kanga chini ya matumbo yao, mama mmoja huku na mmoja kule, wakawa wanawanyanyua na kuwashusha. "Nyanyuka mwanangu! Shuka mwanangu! Haya, pumzika, umefanya nyingi." Jua lilipokuwa kali, pembeni ya kila kijana alikimbia shangazi mwenye mwavuli. Na kilimani, kwa kuwa hakuna mtu wa Mkwamoni awezaye kuutazama mgongo unaopanda akauacha hivi hivi, wakawatia mikono. Mkono mmoja ukawa miwili, miwili ikawa ya ukoo mzima. Mwezi ulipokwisha, maofisa watarajiwa walifika kileleni bila tone la jasho, wakipiga miayo, na nyuma yao wakaja bibi zao wenye misuli ya miguu ambayo timu yoyote ya mpira ingeitamani.

Mwalimu Kibwana aliona vibaya, akaitisha mkutano. "Jamani," akasema, "nawashukuru. Lakini mazoezi ni ya mwenye mwili. Ukimlia mtu chakula chake, yeye hashibi."

Bi Mize akasimama. "Mwalimu, hivi mgongo wa mwanangu uwe na baridi, na mimi mama yake nipo hai?"

Bwana Mtendaji naye akasimama, akijifuta uso kwa leso. "Mimi naomba tu kuuliza, kwa nia njema. Niripoti juu kwamba Mkwamoni yupo mtu anayezuia wananchi kujitolea?"

Mwalimu akatia filimbi mfukoni. Kesho yake Bwana Mtendaji akaripoti juu hata hivyo, ila aliripoti kinyume, na jioni redio ya Taifa ikamtaja Mwalimu Kibwana Shomvi wa Mkwamoni, mzalendo, mbunifu wa Mfumo Shirikishi wa Mkono Mgongoni. Mwalimu alikuwa anakula. Akaacha kula, akasogeza kiti karibu na redio. Alijua kwamba hakubuni kitu, na kwamba alikuwa ameupinga mfumo wenyewe jana tu. Angeweza kwenda kusahihisha. Badala yake alikwenda kununua betri mpya, maana taarifa ingerudiwa saa mbili.

*

Siku ya mtihani alikuja Jenerali Mabruki, Waziri wa Hiari. Medali zake zilikuwa nyingi kuliko kifua, kwa hiyo nyuma yake alitembea askari mmoja aliyebeba koti la pili kwenye hanga, lenye medali zilizokosa nafasi. Gari lake lilikwama chini ya kilima, likasukumwa, na aliposhuka garini kule kileleni alikuwa na furaha sana.

"Ndugu wananchi mliojitolea kuwa hapa tangu alfajiri!" akaanza. "Jeshi letu halijawahi kushindwa vita. Siri yake ni kwamba halijawahi kufika vitani. Na halifiki kwa sababu gani? Kwa sababu ya milima! Adui, kwa hila zake, amekaa juu. Na maofisa wetu, kwa uzito wa madaraka waliyobeba, hawapandi. Wataalamu walinishauri tusawazishe mlima. Nikasema hapana, mlima ni mali ya vizazi vijavyo. Leo Mkwamoni imetupa jawabu. Ofisa hapimwi kwa miguu yake. Anapimwa kwa mikono iliyo mgongoni mwake!"

Watu wakajitolea kushangilia.

Wa kwanza kufika kileleni alikuwa Semeni. Shangazi zake aliwaambia wabaki nyumbani, na mwavuli aliurudisha. Alifika ameloa jasho mwili mzima, akapiga saluti iliyonyooka. Jenerali akamtazama, kisha akatazama nyuma yake, kwenye njia tupu.

"Watu wako wako wapi, binti?"

"Nimekuja mwenyewe, Mheshimiwa."

"Mwenyewe?"

"Naam. Kwa miguu."

Jenerali akawageukia wasaidizi wake kwa huzuni ya kweli. "Mnaona? Hana mtu nyuma yake. Ofisa asiye na mtu nyuma yake ni mpita njia." Semeni akaangushwa mtihani kwa upungufu wa wananchi. Hakulia. Alimtazama Mwalimu Kibwana, aliyemfundisha kupumua, kukanyaga na kutokata tamaa, akangoja aseme neno moja. Mwalimu akaikagua filimbi yake kama mtu aliyeona ina ufa.

Kisha akapanda Feruzi. Wanaume wote aliowahi kuwanyoa walikuja kumsukuma, na nani huko Mkwamoni hakuwa amenyolewa na Feruzi? Mikono ilijaa mabegani, kiunoni, kwenye viwiko. Katikati ya mgongo, mahali pa heshima, paliachwa kwa ajili ya Mwalimu. Redio ilikuwepo, na mtangazaji alikuwa anakimbia pembeni akitaja jina lake kila baada ya pumzi.

Nusu ya njia, Mwalimu akahisi kitu kiganjani.

Mtu huyu aligusa migongo ya watoto maisha yake yote ya kazi. Mgongo uliochoka anaujua: unalegea, unatetemeka, unataka kukaa chini kwa upande wowote. Huu haukulegea. Ulikuwa mgumu na mtulivu, na uzito wake wote ulikuwa unakuja nyuma, dhidi ya kiganja chake. Akatazama chini akaona visigino vya Feruzi vimechimba udongo. Kijana alikuwa anaegemea nyuma. Alikuwa anakataa kwa njia pekee iliyobaki katika nchi ambayo asiyetaka hutakiwa ajitokeze.

"Mwalimu," Feruzi akasema bila kugeuka, sauti ya chini, ya kinyozi anayekuomba uinamishe kichwa kidogo.

Kule juu Bi Mize alikuwa ameanza vigelegele. Jenerali alikuwa ameinua darubini. Mtangazaji akasema, "Na sasa mnamwona Mwalimu Kibwana mwenyewe!"

"Tunafika, mwanangu!" Mwalimu akapaza sauti, akaongeza mkono wa pili, akasukuma kwa nguvu zote alizojaliwa.

Visigino vilichora mistari miwili kwenye udongo mpaka kileleni. Jenerali aliikagua mistari ile kwa makini, akasema hajapata kuona ofisa aliyesukumwa kiasi hicho, akamtia nyota mbili begani palepale.

*

Feruzi akachukuliwa chuoni. Duka likafungwa, na kwa kuwa Mkwamoni haikuwa na kinyozi mwingine, nywele za wanaume zikaota mpaka wazee wakafanana na magunia ya katani yaliyochanika. Walijipapasa vichwa wakasema ndiyo gharama ya kuwa na ofisa.

Mwalimu Kibwana alipelekwa kata nyingine kufundisha mfumo wake. Alipigwa picha, akavishwa shada na medali, akaitwa Mkono wa Taifa. Na huo mkono wenyewe ndio uliomharibia raha. Kile kiganja cha kulia hakikusahau. Alipokata tonge alihisi uzito ule wa nyuma ukimjia. Aliponawa, alipopeana salamu, alipojifunika shuka. Alikisugua kwa ndimu, akakipaka mafuta ya nazi. Alimwambia mganga wa zahanati kwamba pengine ni mshipa. Haukuwa mshipa. Ilikuwa aibu, na alijua ni aibu, kwa kuwa mtu aliyekosea kwa kutojua hulala, na yeye hakulala. Alijua tangu kwenye udongo, tangu kwenye duka lililofunguliwa mbio, tangu kwenye jibu la nywele.

Siku moja akasema basi, leo naenda kumwambia mama yake. Akavaa kanzu, akaenda. Bi Mize alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha kwenye kiti cha marehemu. Ukutani kile cheti cha shukrani kilikuwa kimeshushwa, na mahali pake ilitundikwa picha ya Feruzi amevaa kofia ya ofisa, anatazama pembeni ya kamera.

"Tazama, Mwalimu. Umeona mabega hayo? Kaniambia kwenye simu kuna askari kazi yake ni kumbebea begi tu. Nikamwambia, mpe pole huyo askari, mwambie mama yangu anamwombea." Akamimina chai. "Mimi sina cha kukulipa. Ulisema utamfikisha, ukamfikisha."

"Bi Mize," Mwalimu akaanza.

"Naam, Mwalimu wangu."

Uso wake ulikuwa umefunguka wote. Tangu mumewe arudishwe hakuna aliyeuona hivyo. Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua kikombe, akahisi kiganja kikiwa kizito, akakichukua kwa mkono wa kushoto, yeye aliyewachapa watoto wa watu kwa kosa hilohilo. Bi Mize aliona. Kwa heshima akageuza macho dirishani.

"Chai ni nzuri," Mwalimu akasema.

*

Sasa, Kwahiari ilipakana na nchi ya Shuruti, ambako kila kitu kilifanywa kwa amri. Watu wa Kwahiari walikimbilia Shuruti wapate angalau kuamrishwa waziwazi, na wa Shuruti walikimbilia Kwahiari wapate kuombwa kwa upole, na wote walipofika walikuta foleni ileile na wakafagia barabara zilezile. Kati ya nchi hizo ulikuwapo mlima, na kila alasiri kivuli cha mlima huo kilivuka mpaka na kulala Shuruti mpaka magharibi. Jenerali Mabruki akagundua kwamba kile ni kivuli cha Kwahiari. Akaandika kudai kirudishwe. Shuruti wakajibu kwamba kinarudi chenyewe kila asubuhi. Jenerali akasema hiyo ni dharau, na vita vikatangazwa.

Lori la maofisa wapya likapitia Mkwamoni kwenda mpakani. Kata nzima ilijitokeza na mashada ya maua. Jenerali alisimama juu ya jukwaa, askari wa hanga nyuma yake, akasema kwamba anawaonea wivu vijana wanaokwenda, na kwamba yeye angekwenda lau si kazi ya kuwaaga. Dereva akawasha injini. Lori likasogea, likafika chini ya kilima, likakohoa, likakwama.

Watu wakacheka kwa furaha. Hii waliijua. Wanawake wakafunga vibwebwe, wazee wenye manywele wakavua viatu, kila mtu akaenda kutafuta mahali pa kushika. Mwalimu Kibwana alijikuta nyuma kabisa, chini ya ubao wa mkia, na juu ya ubao huo, kwenye ukingo wa benchi, ameketi Luteni Feruzi.

Walitazamana. Feruzi alikuwa amekonda. Kichwa chake kilinyolewa ovyo, kipara huku na kishungi kule.

"Nani kakunyoa hivi, mwanangu?"

"Jeshi."

"Wamekuharibu."

"Wana mashine moja butu," Feruzi akasema. "Nimewaambia waninolee niwanyoe wote, wakasema ofisa hashiki mkasi." Akainama karibu. Kelele za watu ziliwafunika. "Mwalimu, siku ile ya mtihani sikuchoka."

"Najua."

"Nilikuwa naegemea nyuma. Nilitaka nianguke, nirudi dukani."

"Najua, Feruzi. Nilihisi."

Kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu amfahamu, ule upole ukaondoka usoni mwake, na palipoondoka upole hapakuja hasira. Palibaki patupu.

"Ulijua?" akasema. "Mimi nilishakusamehe, Mwalimu. Nilikusamehe kwa sababu nilidhani hukujua."

"Haya, jamani!" Bwana Mtendaji akapaza sauti kule mbele. "Kwa pamoja, kwa mapenzi! Moja! Mbili!"

Mikono yote ya Mkwamoni ikashuka kwenye lori. Mwalimu Kibwana akaushika ule ubao kwa viganja viwili, akachimba visigino ardhini, akaegemea nyuma. Akavuta. Mzee wa watu, mwenye kanzu na medali ya Mkono wa Taifa, akavuta lori la jeshi kurudi nyuma kwa pumzi yake yote, huku machozi yakimtoka na meno yameuma midomo. Hakuna nguvu aliyoibakiza. Kama angekuwa na watu wengine wawili watatu, nani ajuaye.

Lakini alikuwa peke yake, na wao walikuwa kata nzima, wenye miguu iliyokomaa kwa mazoezi ya bure. Lori likatingishika, likapiga chafya, likapanda. Lilimburuta Mwalimu. Viatu vikatoka, kanzu ikachanika, magoti yakakwaruza kokoto, naye hakuachia. Akaenda hivyo mpaka nusu ya kilima, mpaka pale palipokuwa na mistari miwili ya visigino ambayo mvua zilishaifuta, na hapo viganja vyenyewe vikafunguka. Lori likaendelea. Feruzi alimtazama kutoka kule juu mpaka akapotea upande wa pili, na mkono hakupunga.

"Mwoneni Mwalimu!" watu wakashangilia. "Amesukuma mpaka akaburutwa! Hataki kuachia!"

Jenerali Mabruki alilia mbele ya kadamnasi. Akaomba koti la pili, akachagua medali, akashuka mwenyewe mpaka nusu ya kilima kumbandikia Mwalimu kwenye kanzu iliyochanika. Ilipewa jina palepale: Medali ya Mzalendo Aliyeachia wa Mwisho. Mtangazaji akamwekea kipaza sauti mdomoni, na Mwalimu akasema, "Nilikuwa navuta." Watu wakapiga makofi, kwa sababu ilisikika kama unyenyekevu.

*

Bi Mize ndiye aliyemchukua kwake. Akachemsha maji, akatia chumvi, akamuosha viganja taratibu, akitoa kokoto moja moja kwa ncha ya kucha. Ngozi ilikuwa imetoka yote. Akachana upindo wa kanga yake nzuri akamfunga. Alikuwa amelia, na sasa alikuwa ametulia, kama wanavyotulia waliomaliza kulia.

"Umejiumiza kwa ajili ya mwanangu," akasema.

Mwalimu akainua macho. Juu ya kichwa cha Bi Mize, Feruzi wa pichani alitazama pembeni.

"Nilikuoneni pale nyuma ya lori mkizungumza. Nikasema ngoja niwaache, hayo ya mwalimu na mwanafunzi wake." Akakaza fundo la kitambaa. "Kakwambia nini?"

Nje, kule uwanjani, Bwana Mtendaji alikuwa anapuliza filimbi ya Mwalimu. Kundi jipya la maofisa watarajiwa lilikuwa limejitolea kukusanywa, na mama zao walikuwa wanatandika mikeka. Mwalimu Kibwana alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, kwa mpangilio wake.

"Amesema asante," akasema.

"Nilijua," Bi Mize akaitikia, na uso wake ukafunguka tena kama ile siku ya chai. "Mwanangu ana adabu."

Akamsaidia kuinuka. Na kwa kuwa Mwalimu alikuwa anachechemea, na mlango wa nyumba ile una kizingiti kirefu, Bi Mize akamtia mkono mgongoni, akamsindikiza mpaka barabarani.